Bati la Feni Lisiguswe: Fiat 500 ya Zamani kwenye Joto la Mtwara

Fundi anayeifungua Fiat 500 ya zamani kwa mara ya kwanza hukuta injini iliyovikwa mabati meusi juu na ubavuni, na ushauri wake mara nyingi huwa mmoja: "Bosi, tuyatoe haya, injini ipumue." Anasema kwa nia njema. Lakini hakuna kinachoviua vigari hivi haraka kuliko ushauri huo, na kwa mji kama Mtwara, ambako lami ya mchana wa Novemba bado inaunguza jua likizama, ningeweza kuiandika makala hii yote kwa maneno mawili: rudisha mabati.

Kwanza gari lenyewe, maana wengi wanalijua kwa sura tu. Fiat walilitoa Julai 1957, kazi ya mhandisi Dante Giacosa. Urefu haufiki mita 3, upana ni mita 1.32, uzito unazunguka kilo 500. Injini iko nyuma, silinda mbili zimesimama bega kwa bega, na haina rejeta wala tone la maji. Za mwanzo zilikuwa na cc 479 na nguvu za farasi 13. Modeli ya D ya 1960 ikapanda hadi cc 499.5, na R iliyoingia 1972 ikapewa cc 594, hadi uzalishaji ulipokoma 1975. Anayetafuta la kuendesha kila siku atafute F, iliyoanza 1965, au L ya 1968. Zilizotangulia F zina milango yenye bawaba nyuma, na kitasa kikichoka, upepo unaweza kuupeperusha mlango ukiwa mwendoni.

Sasa feni. Imefungwa kwenye shafti ya dainamo, na dainamo inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye puli ya krenki. Feni huvuta upepo kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha nyuma na kuusukuma ndani ya mabati. Mabati ndiyo yanayoulazimisha upite katikati ya mapezi (mbavu nyembamba za chuma zinazotoa joto) ya silinda na silinda hedi hadi kwenye kona ambazo wenyewe usingefika. Ukiyaondoa, upepo utapita palipo rahisi, kama maji ya mfereji uliobomoka ukingo: jaruba la karibu linafurika, la mbali linakauka. Injini itaonekana imekaa wazi, inapigwa na hewa, huku ndani silinda moja inaungua. Mafundi waliozoea Bajaj zinazopoozwa kwa feni huelewa jambo hili haraka ukiwaonyesha, kwa sababu kanuni ni ileile.

Dalili za injini iliyozidiwa zinajulikana. Nguvu inapungua kwenye mlima. Unasikia mgongano mwembamba kama kokoto ndani ya kopo unapokanyaga mafuta. Ukizima swichi, injini inaendelea kutetemeka sekunde kadhaa kabla ya kukubali kufa. Taa ya oili inapepesa ukiwa umesimama kwenye foleni. Ukizipuuza, kinachofuata ni gasketi ya silinda hedi kulipuka au pistoni kunata kwenye silinda, na hapo umeshafika kwenye gharama za kuagiza spea.

Mabati peke yake hayatoshi kama njia ya upepo inavuja. Kati ya bodi na nyumba ya feni kuna kiungo laini chenye mikunjo. Kikipasuka, feni inavuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na injini yenyewe na kuirudisha palepale. Kipapase kwa vidole mara moja kwa mwezi. Ubavuni mwa mabati kuna kilango kidogo kinachofunguliwa na thamostati: injini ikiwa baridi kinafungwa ili ipate joto upesi, ikishapata joto kinafunguka. Ifungue thamostati, itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayokaribia kuchemka, utazame kama inatanuka. Isipotanuka, funga kilango kwa waya kikae wazi moja kwa moja mpaka upate nyingine. Turin, mji wa Fiat kule Italia, wanahitaji injini ipate joto haraka asubuhi ya baridi kali. Hapa Shangani, Mtwara, hatuna shida hiyo.

Halafu kuna uchafu. Oili ikivuja kwenye mipira ya mirija ya pushirodi (vijiti vinavyosukuma valvu), inateremka juu ya mapezi, inachanganyika na vumbi, na inakauka kama udongo wa chungu. Mapezi yaliyozibwa hivyo hayapoozi chochote. Kila mwanzo wa kiangazi toa mabati (hapa ndipo ruhusa ya kuyatoa ilipo), kwangua kwa kijiti cha mti, si kwa bisibisi, osha kwa brashi na mafuta ya taa injini ikiwa baridi, badilisha mipira inayovuja, kisha rudisha kila bati na kila skrubu yake. Skrubu moja ikikosekana bati linatetemeka, na bati linalotetemeka ndilo linalomshawishi mtu alitupe. Ukiegesha chini ya mwembe au mkorosho, funika yale matundu ya nyuma kwa kitambaa, na ukikumbuke kabla ya kuwasha. Maua ya mwembe ni madogo, yanapenya, na hayatoki yenyewe.

Mkanda wa feni uwe na ulegevu wa sentimita 1 ukiubonyeza katikati kwa nguvu ya kilo 10 hivi. Marekebisho yake huwashangaza mafundi wengi: dainamo haisogezwi. Puli yake ina vipande viwili vilivyotenganishwa na shimu, yaani pete nyembamba za kuweka nafasi. Unafungua nati za puli, unatoa shimu moja katikati na kuihamishia nje, vipande vinasogeleana, na mkanda unapanda juu na kukaza. Usiitupe hiyo shimu, mkanda mpya utaihitaji tena katikati. Mkanda wa akiba ukae ndani ya gari siku zote.

Kinachofuata kila dereva wa gari hili akijue hata usingizini. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka mwendoni, mkanda huenda umekatika, maana yake feni imesimama. Kwenye gari la kawaida unaweza kujikongoja hadi gereji kwa umeme wa betri. Kwenye hili unaegesha na kuzima injini hapohapo. Kinyume chake, ukimaliza mlima mrefu na mkanda ni mzima, usizime mara moja. Iache iungurume taratibu dakika moja au mbili, kwa kuwa feni huzunguka tu injini ikizunguka. Na mtu asikusaidie kwa kumwagia maji injini ya moto. Silinda hedi ni ya aluminiamu, itapinda au kupata ufa.

Oili ndiyo maji ya injini hii. Nzima haibebi hata lita 3, na haina filta ya kubadilisha. Puli ya krenki imetengenezwa iwe filta: inazunguka, uchafu unarushwa pembeni na kuganda ndani. Kila mara ya pili unapobadilisha oili, fungua kifuniko cha puli, utakuta tope jeusi zito, likwangue, osha, weka mpira mpya, funga. Wengi hawajui kama pana kitu cha kufungua, kwa hiyo tope hujaa na filta inabaki kuwa puli tu. Kwa joto la huku ningebadilisha oili kila kilomita 2,500, 20W-50 ya kawaida, na kupima kila unapojaza petroli. Oili ya bei kubwa iliyokaa kilomita 8,000 ni mbaya kuliko ya kawaida iliyobadilishwa kwa wakati.

Kuseti injini hakuhitaji kompyuta. Nafasi ya tapeti, yaani uwazi kwenye valvu zote nne, ni milimita 0.15, injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana imelala usiku mzima. Pistoni zote mbili hupanda na kushuka pamoja, kwa hiyo kazi ni rahisi: zungusha mpaka pistoni ziwe juu na valvu za silinda ya kwanza zimefungwa zote, seti hizo mbili, zungusha mzunguko mmoja kamili, seti za pili. Nafasi ya pointi ni milimita 0.47 hadi 0.53, ya plagi 0.5 hadi 0.6, na taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) ni digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Taimingi iliyowahishwa ili gari "liwe jepesi" inaongeza joto, na tumeshaona joto linafanya nini. Kabureta, Weber 26 IMB, inasumbuliwa zaidi na kutu ya tangi kuliko kitu kingine. Filta ndogo ya plastiki kabla ya pampu inatosha, ila isigusane na injini.

Wapo wanaosema yote haya ni usumbufu, ng'oa weka injini ya Bajaj. Sikubaliani nao hata kidogo. Injini ya cc 200 hivi haikuundwa kuvuta gari la watu wanne kupanda Newala, na ukishakata bodi kuifunga, umepoteza gari lililokuwa na spea na kubaki na kitu kisicho na spea popote. Fiat 126 inatokana na injini hii hii, na giaboksi yake yenye sinkro (kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ziingie bila kukwaruza) ni badiliko ambalo ningeliunga mkono. Ya awali haina sinkro: kushusha gia unakanyaga klachi, unaiweka huru, unaachia, unapiga resi kidogo, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Spea zinapatikana Italia, Ujerumani na Uingereza, na kifurushi kikifika Dar kinaletwa kwa basi. Agiza kwa mkupuo: pointi, kondensa, kifuniko cha distribyuta, mipira yote ya breki, kebo za klachi, mafuta na stata. Ndiyo, stata ni ya kebo, unavuta wenzo katikati ya viti.

Barabara ya Lindi gari hili linaimudu. Linakwenda kilomita 70 hadi 75 kwa saa bila kulalamika, na kati ya Mikindani na Mingoyo hiyo inatosha. Kinachotaka akili ni malori. Semi za saruji na za makaa ya mawe zinapopishana nawe, upepo wake unakusukuma kwanza, kisha unakuvuta. Shika usukani kwa mikono miwili na usiendeshe ukingoni kabisa mwa lami, maana tairi la upana wa milimita 125 likidondokea changarawe linazama. Gari ni fupi, kimo chake kama cha mtoto wa darasa la tatu, na dereva wa lori hakuoni kwenye kioo. Bandika riflekta nyuma, ongeza taa ya breki juu ya kioo, weka balbu za LED kwa taa za nyuma. Dainamo ya wati 230 haichaji kitu injini ikiwa taratibu, kwa hiyo kila wati unayookoa usiku ina maana.

Tairi zijazwe upepo wa paundi 19 mbele na 23 nyuma. Mjaza upepo atakuwekea 30 bila kuuliza, na gari litaruka kwenye kila tuta na kukosa breki kwenye lami yenye maji. Tairi za kirikuu, 145R12, zinavutia kwa sababu zipo kila duka, lakini ni ndefu na nzito kuliko ilivyokusudiwa na rimu ya inchi 3.5 ni nyembamba kwake. Gia zinakuwa ndefu, injini inahangaika mlimani, na tunarudi kwenye joto.

Breki ni za ngoma magurudumu yote manne, na mfumo wa mafuta ni mmoja tu. Mpira wa silinda moja ya gurudumu ukivuja, pedeli yote inakwenda chini. Kwa hiyo hapa sioni nafasi ya kubania: mipira yote mipya siku unayolinunua, mafuta ya breki mapya kila baada ya miaka miwili kwani hewa ya pwani ina unyevu na mafuta hayo yanaunywa, na breki ya mkono iwe inashika kwelikweli, kwa sababu ndiyo pekee itakayobaki. Kingipini (pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia) zipakwe girisi kila kilomita 1,500 ukiwa unapita barabara za vumbi, jeki ikiwa imeinua gurudumu ili girisi ipenye. Zikipuuzwa, usukani unakuwa mgumu, na kisha gurudumu linaanza kucheza.

Chumvi ya bahari inakula kuanzia chini: sakafu, vizingiti vya milango, sehemu za kuwekea jeki, na mahali springi ya mbele inaposhikwa. Osha tumbo la gari kwa maji baridi ya bomba kila wiki ukiwa unakaa karibu na ufukwe. Zibua matundu ya kutolea maji kwenye vizingiti kwa waya. Mvua zikianza Desemba, toa zulia lote, kwa kuwa paa la turubai lililopigwa jua miaka mingi litavuja tu, na maji yaliyokaa chini ya zulia hayaonekani mpaka mguu wako ugundue tundu. Kabla ya kupandisha gari kwa jeki, gonga sehemu hiyo kwa mpini wa bisibisi. Ikijibu kwa sauti ya kavu na kali, pandisha. Ikijibu kwa sauti ya boksi la karatasi, usipandishie hapo, umwite mchomeleaji.