Barry Bonds na mlango wa Cooperstown

Desemba 2025 kamati ya watu 16 ilimnyima tena Barry Bonds, mpigaji wa zamani wa San Francisco Giants, nafasi katika Jumba la Magwiji wa besiboli, Cooperstown, New York. Hata kura 5 hakufikisha. Aliyepita ni Jeff Kent, mwenzake wa Giants ambaye hawakuwa wakipikika chungu kimoja. Kabla ya hapo waandishi wa michezo walimpigia Bonds kura miaka 10. Mwaka wa mwisho, 2022, alipata asilimia 66 na zilizotakiwa ni 75.

Kwa takwimu hakuna ubishi. Homurani 762, yaani mipira aliyoipiga mpaka nje ya uzio, ni rekodi ya ligi kuu ya Marekani. Tuzo 7 za mchezaji bora. Ila mimi hukumbuka zaidi Mei 28, 1998. Timu ya Arizona inaongoza 8-6 dhidi ya Giants, duru ya mwisho, Giants wana wakimbiaji kwenye vituo vyote vitatu, akitolewa mmoja tu mchezo umekwisha. Anaingia Bonds. Kocha Buck Showalter anaamuru apewe kituo cha kwanza bure, maana yake wakimbiaji wote wanasogea kituo kimoja, aliye cha tatu anafunga, na wapinzani wanagawiwa pointi ili jamaa asipate hata mpira mmoja wa kupiga. Mpira wa aliyefuata ukadakwa, Arizona wakashinda 8-7.

Tazama mwaka huo. Tuhuma nzito za dawa za kusisimua misuli zinahusu misimu iliyofuata, na tayari alikuwa na tuzo 3. Watetezi wake husema angestaafu usiku ule angeingia bila kupingwa. Sawa, lakini hakustaafu.

Kisha likaja sakata la BALCO, maabara iliyowapa wanamichezo dawa hizo. Mwaka 2003, akihojiwa chini ya kiapo, alidai vitu alivyopewa na mkufunzi wake alidhani ni mafuta ya kitani na dawa ya kuchua. Nani ataamini hilo kwa mwanamichezo aliyeujua mwili wake namna ile? Hata hivyo ligi haikuwahi kumfungia kwa dawa. Adhabu kwa wanaokutwa nazo zilianza 2004. Na Bud Selig, kamishna, yaani mkuu wa ligi, wa miaka hiyo yote, yumo jumbani tangu 2017. Bosi kapita, mchezaji kafungiwa nje: hapo sielewi.

Kinachonifanya nisite ni Fred McGriff. Homurani 493, hakuhusishwa na dawa, akasota miaka 10 kwenye kura za waandishi kwa sababu namba zake zilionekana haba kando ya za waliotumia. Kamati ilimpitisha kwa kura zote 16 Desemba 2022, siku ileile Bonds alipoangushwa.

Pamoja na hayo, kura yangu ningempa Bonds, na BALCO ningeiandika kwenye bamba lake la shaba humo jumbani. Kwa kanuni mpya, kwa kuwa hakufikisha kura 5, hawezi kurudi kabla ya Desemba 2031, akiwa na miaka 67. Akikosa tena kura 5, hatajadiliwa kamwe.