Indiana walistahili nafasi yao
Ndugu mwandishi, makala yako imeniuma. Unasema Indiana, timu ya chuo kikuu katika futiboli ya Kimarekani, hawakustahili kuwa kati ya timu 12 za mchujo wa ubingwa wa vyuo wa 2024, eti kwa sababu Notre Dame waliwafunga 27–17 katika mchujo huo. Mbona husemi walikotoka? Msimu wa 2023 walishinda mechi 3 wakapoteza 9. Akaja kocha Curt Cignetti kutoka chuo cha James Madison na baadhi ya vijana wake wa huko, na msimu wa 2024 Indiana wakashinda mechi 10 mfululizo. Kumi! Kabla ya hapo Indiana hawakuwahi kufikisha ushindi 10 katika msimu mmoja, tangu karne ya 19 walipoanza kucheza.

Baada ya hapo Ohio State waliwachapa 38–15, sikatai. Wiki iliyofuata Indiana wakawatandika watani wao wa jadi Purdue 66–0. Na mrushaji mpira wa Indiana, Kurtis Rourke, yule Mkanada, aliumia kidole gumba dhidi ya Nebraska, akakosa mechi moja tu akarudi uwanjani. Halafu hao Notre Dame waliowatoa walifika fainali. Sasa aibu ya Indiana iko wapi?