Mwalimu Wangu wa Kuamka Mapema

Jana nimepewa lifti, na mhadhara juu yake. Lifti sikuikataa, miguu hii nayo ina haki zake.

Jamaa mwenyewe tulikuwa tukibanana wote kwenye basi, na kulaani matajiri yeye ndiye alikuwa bingwa. Nauli ikipanda, anahutubia mpaka kondakta anaomba radhi. Kisha baba mkwe akafariki, akaacha nyumba za kupangisha, na pepo wa haki akamtoka jamaa yangu palepale msibani.

"Tatizo la watu," ananiambia, kiyoyozi kikinipuliza puani kama kinanidai, "hawataki kuamka mapema."

Mimi naamka saa kumi alfajiri. Jogoo akiniona ndipo anakumbuka kazi yake! Yeye amenikuta njiani saa nne, bosi kanituma mara ya pili, na shavuni bado ana mikunjo ya mto.

"Lakini zile nyumba si za urithi?" nikauliza kwa heshima zote, nimeushika mkanda.

"Kurithi ni kitu kimoja. Kuzitunza je? Kupaka rangi?"

"Unapaka mwenyewe?"

"Fundi anapaka."

Nikamhadithia watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Waliwachezesha watu Monopoly, ule mchezo wa ubaoni wa kununua ardhi na kutoza kodi, wawili wawili, wakarusha sarafu. Aliyependelewa na sarafu anaanza na fedha maradufu, anatupa dadu mbili, mwenzake moja, na kila akimaliza mzunguko anachota mara mbili ya mwenzake. Haukupita muda, huyo wa sarafu anagonga kete ubaoni kwa kishindo, na vitafunio anavila kuliko mwenzake. Washindi walipoulizwa wameshindaje, wakaeleza mbinu zao. Mbinu! Sarafu haikupata hata shukrani.

Jamaa akacheka sana, nikadhani yamemwingia. Akafuta machozi. "Ila kuna watu," akasema, "ungewapa hata dadu tatu wangeshindwa tu."

Na mchezo huo umetokana na ule wa Lizzie Magie, mama wa Kimarekani aliyepata hataza ya ubunifu wake mwaka 1904, akitaka watu waone ubaya wa wachache kuhodhi ardhi. Watu wakaona. Wakaanza kugombania nani awe mwenye ardhi.

Sasa kinachoniuma zaidi, mwezi uliopita nililipwa malimbikizo yangu. Binamu akaja kukopa, nikamwambia, "Ndugu yangu, jipange." Kwa mdomo wangu huu! Malimbikizo yalikaa siku nne. Siku ya tano nikarudi kuwa mtetezi wa wanyonge.

Halafu hata kunifikisha hakunifikisha. Kanishusha njia panda, eti mbele kuna foleni na yeye ana usingizi. Mwavuli wangu kaondoka nao kwenye kiti cha nyuma. Nimempigia mara tatu, hapokei. Ule mwavuli una mpini uliovunjika, naufungua kwa meno, na leo wingu lile pale silipendi kabisa.