Tunalionea kufuli la sola

Nyumba ya makuti yenye paneli juani mchana kutwa na giza ndani usiku ni picha inayokera. Waliotembea vijiji vya Ganze au Kinango, pwani ya Kenya, wameiona. Jua ni la bure, betri imejaa, taa zinaning'inia darini, lakini kisanduku kimejifunga kwa sababu mwenye nyumba hajatuma shilingi 50 za leo. Kwa wengi picha hiyo inatosha kuhukumia biashara nzima ya sola za kulipia kidogo kidogo. Wanasema huu ni unyonyaji uliovishwa kanzu ya maendeleo: maskini anauziwa jua la Mungu kwa siku, na akikosa anazimiwa na mtu aliyeketi Nairobi.

Nami niliwahi kusema hivyo hivyo, tena kwa sauti. Siku hizi naona tumeligombeza kufuli hilo la kuzimia taa kwa makosa ambayo mengi si yake.

Historia ya biashara yenyewe inajulikana. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007. Mwaka 2012 ikaja M-KOPA, iliyouza sola kwa malipo madogo madogo ya simu, na mmoja wa waanzilishi wake, Nick Hughes, alikuwa miongoni mwa waliobuni M-Pesa akiwa Vodafone. Arusha nako wakawapo Off Grid Electric, ambao leo ni Zola, pamoja na Wajerumani wa Mobisol. Uganda wakawa na Fenix. Seti ya M-KOPA ya miaka ya mwanzo ilikuwa na paneli ya wati 8, taa chache za LED, chaja ya simu, tochi na redio. Mteja alitoa amana ya kama dola 35, shilingi 3,500 kwa thamani ya wakati huo, kisha akalipa kama shilingi 50 kwa siku kwa mwaka mmoja.

Wakosoaji huanzia kwenye hesabu, na wana haki. Hamsini mara 365 ni 18,250. Jumlisha amana, unapata 21,750. Mwenye pesa mkononi angeingia dukani mjini, akachagua paneli, betri na taa, akatoka na mzigo wa kufanana na huo kwa bei ya chini. Basi maskini analipa zaidi kwa sababu ni maskini. Hilo ni kweli, kama ilivyo kweli kwa sukari ya kupimiwa kijiko na sabuni ya kukatiwa kipande. Lakini mwenye pesa mkononi ndiye hasa asiyekuwepo katika hadithi hii. Mgema wa Ganze hakuwa akichagua kati ya 21,750 za polepole na pungufu yake kwa mkupuo. Alikuwa akichagua kati ya shilingi 50 na koroboi.

Na koroboi nalo lina bei. Mwaka 2018 Kenya iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa sababu kuna wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Yaani mwanya uliokuwa ukiwatajirisha wenye malori ulizibwa kwa pesa ya bibi anayewashia wajukuu taa wasome. Juu ya mafuta ongeza shilingi 20 za kuchaji simu kila mara inapozima, na betri za tochi, na za redio. Matumizi haya hayana tarehe ya mwisho. Zile 18,250 zinayo.

Hapo hapo lakini pana jambo ambalo matangazo ya kampuni yanalipitia juu juu. Husemwa kwamba shilingi 50 ni pesa ile ile unayoichoma kwenye koroboi. Kwa nyumba yenye simu mbili, redio na watoto wa shule, inaweza kuwa kweli. Kwa nyumba inayonunua mafuta ya shilingi kumi, ikawasha wakati wa kula na kuzima kabla watoto hawajalala, si kweli hata kidogo. Ile nyumba ilikwisha kubana matumizi yake mpaka mwisho, haina hamsini ya kuhamisha. Kwa hiyo sola ya mkopo haikumfikia maskini wa mwisho. Ilimfikia maskini wa katikati, mwenye kuku kadhaa na kipato cha kila siku, hata kikiwa kidogo. Anayeisifu biashara hii kana kwamba imewaangazia wote anatia chumvi, na ninayeitetea hapa nataka nianze kwa kukubali hivyo.

Sasa kufuli lenyewe. Swali ambalo halijibiwi na wanaolilaani ni hili: bila hilo, nani angemkopesha yule mgema? Benki inataka hati ya shamba, na ardhi nyingi ya Kilifi haina hati. Chama cha kuweka na kukopa kinataka wadhamini, na wadhamini ni ndugu na majirani ambao utakuwa nao msibani na harusini maisha yako yote. Mkopeshaji wa mtaani anataka mbuzi, au anakuja kubeba kitanda mbele ya watoto. Kila mmoja kati ya hao anashika kitu ambacho mkopaji akikipoteza hakirudi: ardhi, mifugo au heshima. Kufuli linashika kitu kimoja tu, mwanga wa leo usiku, na linaurudisha dakika malipo yanapoingia.

Tena mikataba mingi ya aina hii inahesabu siku zilizolipiwa, haihesabu tarehe za kalenda. Usipolipa wiki tatu kwa sababu mtoto amelazwa, taa zinalala, kisha unaendelea ulipoishia na mwisho unasogea mbele. Ukikaa kimya mno kampuni itakuja kuchukua vyombo vyake, hilo lipo. Lakini mpaka hapo, kuzimiwa huko tunakokuita adhabu ni likizo ambayo hakuna benki inayoitoa. Shangazi yangu, aliyelipia seti yake kwa muda unaokaribia mara mbili ya ule wa mkataba, aliniambia: "Mwanangu, deni hili linajua kusubiri. La chama halijui."

Kuna utafiti ulionifanya nikae nalo jambo hili kwa muda mrefu. Wachumi Paul Gertler, Brett Green na Catherine Wolfram walifanya jaribio Uganda kwa kushirikiana na Fenix. Wateja waliokuwa tayari na sola walipewa mkopo wa karo za shule. Kwa baadhi yao mkopo uliwekewa dhamana ya taa: usipolipa karo, sola inajifunga. Kwa wengine mkopo ulitolewa bila dhamana hiyo. Penye dhamana ya taa, kiwango cha kushindwa kulipa kilishuka kwa pointi 19 za asilimia. Chukua watu mia wanaokopa karo. Taa peke yake inawatoa 19 kati yao katika kundi la wasiolipa. Kama theluthi mbili ya tofauti hiyo ilitokana na watu kujitahidi zaidi kulipa, na theluthi moja ilitokana na nani alijitokeza kukopa tangu mwanzo. Mikopo yenyewe iliongeza uandikishaji shuleni, na hali ya mali na madeni ya familia haikuharibika.

Tafakari maana yake. Taa ile ile iliyonunuliwa kidogo kidogo ikageuka kuwa hati. Mtu asiye na karatasi yoyote ya kupeleka benki amepata kitu cha kuweka rehani, kitu ambacho hakipigwi mnada wala hakimwachi akilala chini. Sijui chombo kingine cha mikopo katika eneo letu kinachoweza kusema hivyo.

Utafiti huo huo una nambari ya pili ambayo kampuni hazina sababu ya kuinyamazia: faida ya mkopeshaji kwenye mikopo iliyofungwa na taa iliongezeka kwa pointi 49 za asilimia. Kufuli likipunguza hasara kiasi hicho, bei ya mkopo nayo inapaswa kushuka. Isiposhuka, ugomvi wetu uwe na bei, na ushindani, na mikataba isiyoandika wazi jumla ya pesa itakayolipwa. Watu wanapigizana kelele kuhusu kitufe cha kuzimia huku nambari hiyo ikipita mlangoni.

Vivyo hivyo na CRB, zile ofisi zinazoweka rekodi za wakopaji. Ukishamzimia mtu taa, umekwisha kumdai kwa njia uliyokubaliana naye. Kuipeleka tena nambari yake ya kitambulisho kwenye orodha ya wadaiwa sugu, ili hata mkopo wa mbolea anyimwe, ni kumtoza mara mbili kwa kosa moja. Kufuli lilikuja kuchukua nafasi ya vitisho vya aina hiyo. Anayetaka vyote viwili hana hoja mbele yangu.

Na utetezi wangu una mpaka. M-KOPA yenyewe leo inajulikana zaidi kwa simu za kisasa, na imeingia hata kwenye pikipiki za umeme, kwa utaratibu ule ule wa kulipa kila siku. Simu ikifungwa, mwendesha boda anapoteza wateja wanaompigia, na bila wateja hana pesa ya kuifungua. Pikipiki ndiyo usiseme. Taa ikizimwa unakosa starehe na watoto wanakosa kusoma, ni hasara, ila kesho asubuhi jembe lako bado ni lako na mnazi unapandwa kama jana. Kufuli juu ya kitu cha kuangazia na kufuli juu ya kitu cha kuchumia ni mambo mawili, na sheria ikitungwa bila kuvitenganisha, itamlinda vibaya mmoja wao.

Wanaoipinga sola ya mkopo huongeza kuwa kazi ya kupeleka umeme ni ya serikali, na kwamba kampuni hizi zinaipa serikali kisingizio. Hoja hii naiheshimu. Mwaka 2015 Kenya ilishusha ada ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na Tanzania mtu wa kijijini huunganishiwa kwa shilingi 27,000 za huko. Hizo si gharama halisi. Zilizobaki zinabebwa na hazina na mikopo ya nje. Basi aliye karibu na transfoma anapata ruzuku, na aliye kilomita kumi porini analipa sola yake shilingi kwa shilingi. Mwaka 2020 tena Kenya ikamwondolea msamaha wa VAT, vifaa vya sola vikatozwa asilimia 14, kabla ya msamaha kurudishwa mwaka uliofuata. Ukitafuta pale maskini wa giza alipoonewa, anza hapo. Rwanda ilitoa ruzuku ya sola kwa kufuata madaraja ya Ubudehe, yanayopanga kaya kwa hali yao ya maisha, na Togo ilianzisha mwaka 2019 hundi ya hadi faranga 2,000 kwa mwezi kumsaidia mteja kulipia. Nchi zote mbili zililiacha kufuli mahali pake zikashughulikia bei. Kenya ilianzisha mradi wa KOSAP wa kupeleka sola kaunti 14, Kilifi na Kwale zikiwemo, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa dola milioni 150, ila wakala anayezunguka vijijini bado anakuja na fomu ya mkopo kuliko ya ruzuku.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni kifo cha kampuni. Aprili 2019 Mobisol iliomba ulinzi wa kufilisika. Ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa mwaka huo huo, na wateja wakapata mwenyeji mpya. Lakini si kila kampuni itapata mnunuzi. Ikifa kabisa, nani atatuma ile ishara ya kufungua kisanduku? Nambari ya malipo haipokei, simu haijibiwi, na mama aliyebakiza siku 40 anakaa gizani na kifaa alichokilipia karibu chote. Dawa yake ni nyepesi kuliko nyingi tunazozijadili: sharti la leseni kwamba mtambo usiposikia kutoka kwa mwenye nao kwa miezi kadhaa, ujifungue wenyewe na ubaki wazi.

Shangazi alimaliza yake. Ujumbe ulikuja kwenye simu kwamba sola sasa ni mali yake, akauonyesha kwa kila aliyepita. Betri siku hizi inafika saa tatu usiku tu, na fundi wa Kilifi mjini anasema soketi yake haiingiliani na betri zinazouzwa pale. Shangazi amemwambia akate waya aunganishe hivyo hivyo. Safari hii hakuna wa kumzimia.