Medali ipo kifuani, kwenye karatasi haipo

Watu wa nyumbani wakisikia nilikuwa jeshi la Marekani wananiuliza vitu viwili tu: umewahi kuua, na walikuwa wanakulipa shilingi ngapi. Miaka yote hii hajatokea hata mmoja wa kuniuliza kuhusu karatasi, na kumbe karatasi ndo kitu kilichoninyima usingizi kuliko Afghanistan yenyewe. Nimesoma sana mabishano ya huku Marekani na nyumbani Tanzania, wanaosifia huku wanasifia umeme na barabara, wanaosifia nyumbani wanasifia undugu na ndizi za kupika, kila mtu na lake. Mi leo nina swali moja ambalo sijaona mtu akiligusa. Serikali ikiandika kitu cha uongo kuhusu wewe, unaenda kumwambia nani?

Nianze na langu. Nilikuja kwa bahati nasibu ya grinikadi, na Oktoba 2010 nikajiunga jeshi, maana mwenye grinikadi anaruhusiwa kuingia hata kama si raia, uraia unauombea ukiwa humo humo ndani. Wakanifanya dereva wa malori. 2012 tukapelekwa Afghanistan miezi tisa, na kabla ya kurudi nikapewa nishani ya pongezi, ile wenyewe wanaiita ARCOM, pamoja na cheti chake. Cheti nikamtumia mama Muleba kwa posta kwa sababu mi kwenye kambi nilikuwa nalala chumba kimoja na jamaa wa Ohio anayemwaga soda kila mahali. 2014 nikatoka.

Siku unayotoka unapewa karatasi inaitwa DD-214. Kama hujui DD-214 ni nini, chukulia cheti cha kuzaliwa, cheti cha fom foo na barua ya mtendaji wa kijiji, vyote umevibana kwenye ukurasa mmoja. Kazi unaombea hiyo, hospitali ya maveterani wanataka hiyo, mkopo wa nyumba hiyo, hata siku unazikwa familia wakitaka bendera juu ya jeneza wataulizwa hiyo. Sasa mi siku hiyo nje kuna mshikaji ananisubiri na gari, injini inawaka, karani kaniwekea karatasi mezani kaniambia soma vizuri halafu saini hapa. Nikasaini. Nilisoma jina na tarehe ya kuzaliwa tu, mengine nikasema wao ndo wanajua.

Wao hawakujua. Kisanduku namba 12, pale wanapoandika muda uliotumikia nje ya nchi, kulikuwa na masifuri. Namba 13, ambapo zinakaa nishani zote, kulikuwa na zile ambazo karibu kila askari wa kipindi kile alipewa, ya Afghanistan haipo, ARCOM haipo. Yaani kwa mujibu wa ile karatasi mi sijawahi kuvuka bahari na jeshi, nimeendesha lori kuzunguka kambi miaka minne nikaenda nyumbani.

Nimekuja kugundua 2019 naomba kazi ya serikali kuu. Maveterani huku wanaongezewa pointi 5 kwenye usaili, lakini si kila veterani, kuna masharti. Sharti moja linasema uwe umetumikia zaidi ya siku 180 mfululizo na sehemu ya siku hizo iangukie kati ya tarehe 11 Septemba 2001 na 31 Agosti 2010. Mi nimeingia Oktoba 2010. Nimelikosa dirisha kwa wiki chache! Njia nyingine ni kuwa na medali ya kampeni, na medali ya kampeni ya Afghanistan ninayo, ipo kwenye droo na utepe wake, ila huwezi kumpelekea afisa ajira droo. Na hata ungempelekea, hizo medali na tepe zinauzwa madukani jirani na kambi, ukiwa na dola zako unanunua unazotaka. Kitu chenyewe ni karatasi. Nikajibiwa kwa imeli ya mistari mitatu kwamba kumbukumbu zangu hazionyeshi nastahili.

Hapa ndo nikaanza kujifunza. Ukiwa na kosa dogo na ushahidi wake umo kwenye faili lako, unaandikia ofisi ya utumishi ya jeshi iliyopo Fort Knox na wanaweza kurekebisha wenyewe. Ushahidi ukiwa haumo, unajaza fomu nyingine, DD-149, inaenda kwenye bodi ya kurekebisha kumbukumbu. Una miaka mitatu tangu ulipoligundua kosa, ukichelewa unaeleza kwa nini na bodi inaweza kukusamehe. Kilichonishangaza ni kwamba hiyo bodi ni ya raia, wanajeshi hawakai pale kuhukumu makosa yao wenyewe. Nikatafuta historia yake nikakuta mpaka 1946 askari mwenye kosa kwenye rekodi ilibidi amtafute mbunge wake, na bunge zima litunge sheria kwa ajili ya huyo mtu mmoja! Wakachoka, wakaanzisha bodi. Kwa hiyo na wao walikuwa na ya "unamjua nani" kama sisi, tofauti wamepata aibu mapema.

Faili langu nikaliomba, likaja, amri ya safari ya Afghanistan haimo. Nikakaa chini nikajiuliza kuna nini duniani kinachoonyesha nilikuwa kule. Picha? Picha mtu anapiga popote palipo na vumbi. Kilichoniokoa ni salari slipu. Ukiwa eneo la hatari jeshi linakulipa nyongeza ya dola 225 kwa mwezi, na zile slipu nilikuwa nimezihifadhi kwenye imeli ya zamani ambayo paswedi yake nilikaa siku mbili kuikumbuka. Miezi tisa, 225, 225, 225. Sajenti wangu naye, sasa hivi yuko Texas anauza matairi, akaniandikia maelezo ya ukurasa mmoja na kusaini.

ARCOM ikabaki. Kila cheti cha nishani kina namba ya amri iliyotolewa, bila hiyo namba unaonekana mpiga hadithi. Na cheti kipo wapi? Sebuleni kwa mama, katikati ya picha ya babu na kalenda ya parokia.

Nikapiga simu. Mama akavaa miwani akasema namba haioni. Nikamwambia angalia chini kabisa. Akasema chini kabisa kuna mbao. Kumbe fundi wa fremu alipoona karatasi ni kubwa kuliko fremu aliikunja kwa chini, mstari wa namba umejificha nyuma ya ubao. Mama hataki fremu ifunguliwe maana alilipia, tukabembelezana dakika ishirini, mwisho binamu yangu akaja na kisu cha jikoni akaing'oa misumari mmoja mmoja, akapiga picha akanirushia WhatsApp. Ile namba ikasomeka kama imechapwa jana! Nikacheka peke yangu kwenye gari. Karatasi ya Marekani iliyopotea Marekani, Marekani yenye kompyuta zote zile, imetunzwa na mama Muleba miaka saba bila tone la soda.

Kwa hiyo msije mkanielewa vibaya kwamba huku wanatunza na sisi hatutunzi. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu za wanajeshi pale St. Louis liliungua, yakateketea mafaili kati ya milioni 16 na 18, na nakala hakukuwa na nakala. Askari wa nchi kavu walioacha jeshi kati ya 1912 na 1960, asilimia 80 ya mafaili yao yalikwenda na moto, mpaka leo wajukuu wanaungaunga kwa orodha za mishahara kama nilivyofanya mimi. Na ukiwa mweusi usitegemee karatasi ijirekebishe kwa huruma yake. Vita vya pili vya dunia viliisha bila mweusi hata mmoja kupewa Medal of Honor, ile nishani yao ya juu kabisa, mpaka Januari 1997 ndo wakapewa saba, na kati ya hao aliyekuwa hai ni Vernon Baker peke yake.

Sasa twende nyumbani. Ile picha ya babu pale ukutani kavaa kofia ya keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Babu alipigana vita ya pili huko Bama (Burma), mvua, matope na malaria, akarudi na nyota ya shaba yenye utepe mwekundu, bluu na machungwa. Haina jina. Geuza mbele, geuza nyuma, hakuna jina la mtu, na karatasi ya kuonyesha ni yake haipo, tunayo kwa sababu bibi alisema ni yake. Malipo ya kuachia jeshi Waingereza waliyapanga kwa cheo na rangi ya ngozi, na waliotangulia kabla ya babu, wale wa vita ya kwanza, ndo usiseme. 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Wapagazi wa jeshi, kwa kiingereza Carrier Corps, ndo waliotupa jina Kariakoo. Watu wanashuka daladala pale kila siku kununua vitenge.

Ila babu namsamehe Mwingereza kwa niaba yake, ni ya zamani. Ya baba mdogo siwezi. Baba mdogo alichukuliwa mgambo mwishoni mwa 1978, vita na Idi Amin wa Uganda, daraja la Kyaka limeshalipuliwa, Mwalimu ameshatangaza sababu, nia na uwezo tunavyo. Akavuka Mutukula, akafika Masaka, akarudi na kovu la mguu. Kitambulisho chake cha mgambo kililiwa na mchwa pamoja na cheti cha ndoa. Nikiwa mtoto nilimsindikiza kwenye ofisi moja mjini. Karani hakuinua kichwa. Faili halionekani mzee, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo anayehusika yuko semina. Ya tatu tukaulizwa, kwa sauti ya upole kabisa, mzee hapa unamfahamu nani? Baba mdogo akasema namfahamu Mungu, tukapanda basi tukarudi. Hakwenda tena.

Na sikiliza, heshima anayo. Kijiji kizima wanamwita Kamanda, harusini anakaa mbele, tarehe 25 Julai siku ya mashujaa anavaa koti lake na watoto wanamkalia miguuni kusikia habari za Masaka. Mi huku jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hajui kama niliwahi kushika bunduki, dukani nikionyesha kitambulisho naambiwa asante kwa utumishi wako na punguzo la asilimia 10, basi tumemalizana. Ukiniuliza nani kaheshimiwa zaidi kati yangu na yeye, ni yeye, wala si mashindano. Lakini heshima ya kijiji hailipi dawa za mguu. Mi sikuwa namjua mtu yeyote pale kwenye bodi, kiingereza changu cha kuungaunga, jina langu hawawezi hata kulitamka, na walilazimika kunijibu kwa maandishi na kueleza kwa nini. Hiyo tu ndo naionea wivu. Kama nyumbani lipo dirisha la namna hiyo, baba mdogo hajawahi kuonyeshwa, na dirisha lisiloonyeshwa kwa mzee wa mguu mbovu mi nalihesabu halipo.

Majibu yangu yalichukua zaidi ya mwaka. DD-214 ya zamani haibadilishwi, wanakupa karatasi nyingine, DD-215, ina mistari michache tu, ongeza hiki, futa kile, unaibana na ile ya mwanzo. Wabongo na Wakenya na Wakongo mliopo jeshini huku, siku hiyo gari lisubiri, someni namba 12, 13 na 24 kabla ya kushika peni, na hicho cha namba 24 kinachosema umetoka kwa heshima ndo msome mara mbili.

Nilimtumia mama nakala. Akasema mbona haina urembo wowote, hii siitundiki, akaiweka kwenye sanduku la bati pamoja na hati ya shamba. Nikamwambia sanduku likiwa wazi hivo hivo atafute chochote cha baba mdogo. Hakukuta kitu. Basi nimemtuma binamu, yule wa kisu, akae naye ajaze daftari: kikosi, kamanda wao, walivuka lini, nani alikuwa kushoto kwake alipoumia, halafu awatafute hao watu wasaini kama sajenti wangu alivyosaini. Baba mdogo alitaja watatu. Wa Karagwe kashasaini, wa Biharamulo anataka kwanza aongee na baba mdogo kwenye simu. Wa tatu tumefika kwake Februari, alizikwa Januari.