Tukutane Kwenye Mengineyo

Ukitaka kujua hela yako inapotelea wapi, ajenda ya kikao cha wazazi usiisome kuanzia juu. Anzia chini. Juu kuna kufungua kikao, utambulisho, taarifa ya taaluma, taarifa ya nidhamu. Huko hupigwi hata senti tano. Chini kabisa wameandika "Mengineyo". Hapo ndipo wanapokusubiri.

Barua ilisema saa tatu kamili, bila kukosa. Saa tatu nimeshafunga kibanda, nimekalia dawati la darasa la pili, magoti yanagusa kidevu. Meza kuu imeingia saa tano kasoro. Ina kitambaa, ina maua ya plastiki, ina maji ya chupa. Sisi wa madawati tunameza mate na kujiuliza maji yale yametoka fungu gani.

Mwalimu Mkuu simlaumu, hesabu anaijua. Alishika chaki akatuandikia ubaoni: tangu Januari 2016, kwa ule Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada hakuna, serikali inaleta ruzuku. Mtoto wa msingi anahesabiwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Toa 4,000 za vitabu, ambazo hazipiti mkononi mwake, zinabaki 6,000. Gawa kwa miezi kumi na miwili. Akapiga mstari chini ya jibu mara mbili: 500.

"Ndugu wazazi, hiyo ndiyo chaki, rimu, kufuli, fagio na mpira."

Mia tano! Mimi nikiipeleka kwa mama ntilie napewa maandazi na jicho baya. Na hiyo elfu kumi yenyewe imeanza na MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, wakati huo ni kama dola kumi. Leo nenda kabadilishe dola kumi, unarudi na zaidi ya elfu ishirini. Sembe imepanda, sukari imepanda, nauli imepanda. Ruzuku ndiyo pekee yenye adabu nchi hii: imeambiwa ikae pale, imekaa.

Basi tukafika Mengineyo. Uji. Mlinzi. Karatasi za majaribio ya Ijumaa. Jezi. Mwalimu hagusi hela. Tangu Rais Magufuli alipofoka kuhusu michango Januari 2018, mwalimu akiona noti ya mzazi anaficha mikono mfukoni. Hela anashika mweka hazina wetu wenyewe, mwenye daftari kubwa na kalamu nyekundu. Mchango ni wa hiari kabisa, ila atakayekataa jina lake litasomwa kikao kijacho.

Kuna mzee mmoja pale, mjukuu wake wa mwisho alimaliza la saba zamani, lakini hajawahi kukosa kikao. Ndiye mtaalamu wetu wa kupandisha viwango. "Elfu mbili ya uji ni aibu! Tuseme elfu tano!" Kisha anajipigia makofi.

Mama mmoja muuza dagaa akanyanyuka. "Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Huo uji wa elfu tano, kwako anakunywa nani?"

Mzee akasema yeye anachangia mawazo.

Mimi nilinyamaza kimya, na nina sababu. Mwaka fulani niliulizwa kazi yangu nikajibu fundi wa kuchomelea. Kesho yake nikaletewa kibandani lundo la madawati yaliyovunjika miguu. Malipo yangu yalikuwa makofi ya kilo. Siku hizi nikiulizwa nasema niko kwenye biashara tu.

Bajeti yote ya majaribio tuliipitisha kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Tulipofika rangi ya jezi, kikao ndiyo kikaanza. Mwalimu wa michezo kapata bei nzuri ya jezi nyekundu. Nusu ya darasa ikasimama: mtoto wangu hawezi kuvaa Simba! Basi ziwe kijani. Nusu nyingine ikasimama: kwani shule hii ni tawi la Yanga? Baba mzima, mvi kichwani, anatetemeka kwa ajili ya jezi ya mtoto wa darasa la tano. Mwenyekiti wa kamati akagonga meza: nyeupe. Nyeupe, kwenye uwanja ule wenye vumbi jekundu! Hapo hapo likaongezeka fungu la sabuni.

Lakini kilichonimaliza ni UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi. Kijana wangu anakimbia. Nilifurahi, baba gani hafurahi? Nilidhani mbio ndiyo mchezo wa bure, hauna mpira wala wavu, miguu anakuja nayo kutoka nyumbani. Kumbe mbio zina ngazi, na kila ngazi ina risiti. Kwenye kata anatakiwa nauli. Akishinda kata anakwenda wilaya, huko anatakiwa suti ya michezo. Akishinda wilaya anaingia kambini kwa ajili ya mkoa: shuka, ndoo, sabuni, sahani, hela ya mfukoni. Taifa sijauliza, nina presha.

Siku ya mashindano ya wilaya nilisimama pembeni ya chaki, wazazi wenzangu wanapiga mayowe watoto wao waongeze mwendo. Mimi wangu yuko mbele, na katika nafsi yangu, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba awe wa nne. Wa nne ana heshima. Wa nne anapigiwa makofi, anapewa soda, anarudi nyumbani kuosha vyombo.

Akamaliza wa kwanza, na kwa mbali. Akanirukia shingoni, jasho lote likaniishia shatini. Mwalimu wa michezo akaja nyuma yake anakenua, ameshakunjua karatasi.

"Hongera sana, baba. Kijana ana kipaji. Sasa tuanze na viatu vya kukimbilia."