Mteja Hahitaji Kusimulia Yote Ili Kiwewe Kitambuliwe

Wako washauri nasaha wanaoamini kwamba kiwewe, yaani jeraha la nafsi linaloachwa na tukio la kutisha, hakitambuliki mpaka mteja asimulie mkasa wake wote, tena katika kikao cha kwanza. Mimi naona huko ni kumtonesha kidonda bure. Ili kuthibitisha ugonjwa wa msongo wa baada ya kiwewe, mtaalamu ni lazima ajue tukio lilikuwa la aina gani, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni kuchunguza yanayompata mteja sasa.

Chukua abiria aliyenusurika ajali ya basi, anayekuja akilalamika kwamba ana mawazo mengi, usingizi hauji na moyo unamwenda mbio. Malalamiko hayo peke yake hayatoshi, kwa kuwa hata anayedaiwa karo hukesha. Ndiyo maana aulizwe: akikesha, huiona ajali au huhesabu madeni? Mlio wa breki humrudisha siku ile? Bado hupanda basi, au siku hizi huona heri atembee saa nzima kwa miguu? Majibu hayo yana uzito kuliko masimulizi ya damu na vioo vilivyovunjika.

Dodoso la PCL-5, linalopima dalili za ugonjwa huo kwa maswali 20 kuhusu mwezi uliopita na alama kuanzia 0 hadi 80, lina msaada wake. Alama 31 hadi 33 hutumika mara nyingi kuwa kizingiti, ila kukivuka ni sababu ya kufanya mahojiano ya kina, si hukumu. Aidha, kwa vigezo vya DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, vya mwaka 2013, dalili sharti zidumu zaidi ya mwezi mmoja. Aliyepata ajali juma lililopita asibandikwe jina la ugonjwa huo, ingawa mitandaoni tumekuwa wepesi mno wa kubandika.

Swali linalosahaulika zaidi ni kama hatari yenyewe imekwisha. Mwanamke anayeshtuka kila mlango ukigongwa, huku mume anayempiga bado analala nyumba hiyo hiyo, atapata alama za juu, na huenda kiwewe kweli anacho. Lakini kushtuka kwake pia ni tahadhari inayomlinda. Kumfundisha kutulia kabla ya kumtafutia usalama ni kumwacha wazi mbele ya anayempiga. Kwa mteja kama huyo ningeliweka dodoso kando kwanza, nikamwuliza, pasipo jamaa yeyote chumbani, kama ana pa kulala usiku wa leo na watoto wako na nani.